Uvimbe haungoji kisu

Hapa Ujiji bado tunaambiana kwamba uvimbe wa saratani ukiguswa na chuma hukasirika, ukasambaa mwili mzima. Jirani yangu alinieleza hivyo wiki iliyopita, kiganja kimekandamiza kanga juu ya titi: "Mwanangu, nikichomwa sindano nimekwisha." Namwelewa. Wengi tuliwaona wakipasuliwa wakiwa wamechelewa, wakafariki, lawama ikabebwa na kisu.

Lakini saratani haihitaji chuma ili isafiri. Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth, kule Australia, aliichunguza kwa hadubini damu ya mtu aliyefariki kwa saratani, akakuta seli zinazofanana na za uvimbe wake. Uvimbe huzimwaga wenyewe, hata usipoguswa. Ni chache mno, pengine moja kati ya mabilioni ya seli za damu, na nyingi hufa njiani: msukumo wa damu huzipasua, kinga ya mwili huziwinda. Zinazosafiri zimeshikana, kama chikichi kwenye mkungu, ndizo zenye uwezo mkubwa zaidi wa kuota. Tena haziotei popote. Mwaka 1889 Stephen Paget wa Uingereza alizifananisha na mbegu zinazotaka udongo wake. Saratani ya titi, kwa mfano, huipenda mifupa.

Sindano ya kipimo inaweza kung'oa seli kadhaa, sikatai. Ila hatari hiyo ni ndogo sana kuliko kukaa miezi na uvimbe usiojulikana, unaomwaga mbegu usiku na mchana. Nimemwomba mama yule twende naye hospitali Jumatatu.