Je, wajua kwa nini kuna nyumba Oklahoma imewekwa ndani ya nyumba nyingine?

Kaunti ya Alfalfa kule Oklahoma, Marekani, karibu na kamji kanaitwa Aline, kuna makumbusho fulani ya ajabu, kwa nje ni jengo la kawaida tu ila ukiingia unakuta nyumba nzima imekaa humo, kuta zake na paa lake. Ilijengwa mwaka 1894 na mlowezi Marshal McCully, na kuta zake si mbao wala mawe, ni udongo wenye nyasi zake.

Sasa mtu ajenge na nyasi kwa nini wakati Marekani ina misitu kibao? Pale haipo bana. Tarehe 16 Septemba 1893 serikali ilifungulia watu wagombanie ardhi, saa sita mchana ishara ikatolewa na watu zaidi ya laki moja wakatimua mbio na farasi na mikokoteni, anayewahi anachomeka kigingi na kupata ekari 160. (Ardhi ilikuwa ya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, walibanwa mpaka wakauza, hii sehemu stori za walowezi hupenda kuiruka.) Haya, ekari unazo, lakini ni nyasi mpaka macho yanapoishia, mbao ziko mbali na hela huna.

Kilichowaokoa ni mizizi. Nyasi za mbuga zile zina mizizi iliyosokotana kwelikweli, kwa hiyo ukipitisha plau maalumu udongo haumeguki, unatoka kama mkanda mrefu, unaukata na sepetu vipande vya kama futi 3 kwa 1, unene inchi 4 hivi. Unasubiri mvua inyeshe kwanza ardhi ilainike, na unakata vya kutosha siku hiyo tu maana vikikauka vinapukutika. Unavipanga kama tofali, upande wa nyasi unatazama chini, mistari miwili au mitatu kwa pamoja, na kila baada ya kozi kadhaa unalaza vipande kukatisha ili ukuta ushikane. Unene wa ukuta unafika futi 2 mpaka 3, kiangazi ndani ni baridi, kipupwe ni joto, na moto wa mbugani ukipita hauichomi kirahisi.

Tatizo paa! Nalo lilikuwa fito na udongo, kama tembe la Wagogo, ila kule mvua ikikolea maji yanapenya, nje imeshakatika wewe ndani bado unanyeshewa matope mpaka kesho yake, na nyoka nao walikuwa wanadondoka. Akina mama walikuwa wanatundika shuka chini ya paa ili uchafu usiingie kwenye sufuria.

Ndo maana karibu zote zimeisha. Mizizi inaoza, mvua inakula ukuta, isipokarabatiwa miaka sita saba imeanza kulala, na reli ilipoleta mbao watu walihama fasta. McCully yeye alipiga plasta ya udongo mweupe wa magadi, akaishi humo mpaka 1909 alipohamia nyumba ya mbao, ila ile ya zamani hakuibomoa. Waliokuja kuitunza wakaona dawa ni kuifunika kabisa mvua isiiguse. Kule Nebraska, kaunti ya Custer, iko nyingine ya mwaka 1900, ya familia ya Dowse, watu waliishi humo mpaka 1959, hiyo imeachwa nje na upepo wake, kwa hiyo kazi ya kuziba nyufa haiishi.