Picha ya halua haina mwenyewe?

Nauza halua ya Wete, Pemba, kwa oda za simu. Mteja wa Unguja huandika usiku, asubuhi kikapu chake cha ukindu kiko bandari ya Mkoani kinasubiri boti. Kazi hii imenionesha jinsi tunavyoshinda na simu mkononi huku vichwani tumebeba maneno ya kusikia.

Dhana: Ukishaweka kitu mtandaoni, ni cha wote

Mwaka jana niliona halua yangu ikiuzwa na mtu mwingine. Picha ilikatwa upande wenye namba yangu, lakini sahani niliijua: ya mama, ina maua ya buluu na ufa ukingoni. Nikampigia mwenye tangazo.

"Shoga, si umeiweka mwenyewe?"

"Na nguo zangu nimezianika mwenyewe uani, ndio uje uzivae?"

Akacheka, akaiondoa. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa ajili hiyo. Picha ni ya aliyeipiga, hata kama umeikuta kwenye kundi la harusi lenye watu mia mbili.

Kisha akaniuliza iliki natia wakati gani. Nikamwambia: mwishoni, karibu na kuepua. Hapo wengi huchanganya mambo. Sheria inalinda picha na maandishi, hailindi ujuzi wenyewe wa kusonga halua. Huo nimepewa na waliotangulia, na nikiutoa haunipungukii.

Dhana: Anayegawa bure hajui biashara

Mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, alianza kuigawa Linux, programu aliyoiandika akiwa mwanafunzi. Mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni huria: itumie, irekebishe, iuze ukitaka, lakini ukiisambaza iliyorekebishwa, na wenzako wapate kuiona ilivyoandikwa. Ni bure yenye masharti, kama jirani anayekuazima sufuria na kukutaka uirudishe imeoshwa. Simu za Android, yaani nyingi kati ya hizi tunazopokelea oda, zinaendeshwa kwa kiini cha Linux hiyo hiyo, na kampuni kubwa kubwa zinapata fedha juu yake.

Dhana: Intaneti inatoka kwenye setilaiti

Kidogo tu. Sehemu kubwa hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Wala Zanzibar si mgeni wa mambo haya: waya wa telegrafu, yaani simu za maandishi za zamani, kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, enzi za Sultani Sayyid Barghash.

Dhana: Ukioneshwa ujumbe wa malipo, pesa imeingia

Hii ndiyo inayowaliza wafanyabiashara wadogo. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote mwenye vidole, na picha ya skrini ni picha tu. Kinachosema kweli ni salio lako, ukiliangalia mwenyewe kwenye menyu ya simu. Na ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, usikae ukalia: wapigie huduma kwa wateja papo hapo, maana mpokeaji akishatoa, kazi huwa ngumu.

Siku moja mteja alinitumia picha ya muamala wa vikapu vitatu, na haraka nyingi: boti inaondoka, nipakie. Nilishafunga kamba ndipo nikaangalia salio. Lilikuwa lile lile la jana. Nikairudia picha yake: jina langu sawa, kiasi sawa, tarehe ya mwezi uliopita. Alisahau kuikata.

Halua ile tuliila wenyewe, na kahawa.