Kipimo cha HPV ya mdomoni Mwanza: kabla hujatuma hela, soma hapa

Mimi ni daktari wa kinywa na meno hapa Mwanza na siku hizi meseji nazopata nyingi ni za aina moja, dokta nimeota kinyama kwenye ulimi, dokta nina utando mweupe hautoki, wapi napima HPV ya mdomoni? HPV ni kirusi kinachootesha vinyama, na aina zake chache huleta kansa. Wengine wameshatumiwa linki ya kipimo cha mate cha mtandaoni na wanauliza watume hela au la. Msitume.

Kwa mtu ambaye mdomo wake hauna shida yoyote hakuna kipimo cha HPV ya mdomoni kilichoidhinishwa, hata Marekani mamlaka yao ya dawa haijapitisha hata kimoja. Na hata mate yakionyesha kirusi kipo, jibu hilo halikupi cha kufanya, maana kwa wengi mwili wenyewe unakiondoa ndani ya mwaka au miwili. Kile cha mlango wa kizazi ni habari nyingine kabisa, dada zangu, kile kipo na kina maana kubwa, msivichanganye.

Sasa wewe mwenye kitu unachokiona, kinachopimwa ni kitu hichohicho. Nawasha taa, nashika ncha ya ulimi kwa kitambaa cha gozi nauvuta pembeni, napangusa. Utando ukitoka ukaacha wekundu chini, mara nyingi ni fangasi. Usipotoka, na uko ubavuni mwa ulimi una mikunjo ya kusimama, hapo nawaza kirusi cha Epstein-Barr ambacho hujitokeza hivyo kinga ikishuka, kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha VVU, na vituo vya serikali wanapima bure. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa nawaza Kaposi, aina ya kansa, nayo ina kirusi chake. Kinyama chenye kichwa kama koliflawa ndiyo mara nyingi HPV, ila kwa kawaida ni aina ya 6 au 11 ambazo siyo za kansa. Ya kansa ni hasa ya 16, na hiyo inapenda kukaa nyuma kabisa, kwenye tonsi na shina la ulimi, ambako kwa kioo cha nyumbani huoni kitu, unachoona ni uvimbe shingoni usiouma au kumeza kunasumbua upande mmoja tu, na watu wanakaa nao miezi wakinywa antibayotiki za duka la dawa, inaniuma sana.

Halafu jamani, GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka. Usipake asubuhi ya kuja kliniki, mdomo mzima unakuwa zambarau na rangi ndiyo nayoitafuta.

Kama macho hayatoshi tunachoma ganzi, tunakata kinyama kidogo, kinaingia kwenye chupa ya formalini kinaenda patholojia, maabara inayochunguza nyama kwa darubini. Huko ndiko wanasema ni kansa au siyo, na ikihitajika kipimo cha p16, cha kuonyesha kama kansa inaelekea kutokana na HPV, kinafanywa kwenye kinyama hichohicho, hukatwi tena.

Pa kwenda: anza kitengo cha meno cha hospitali ya wilaya yako, omba rufaa uende Sekou Toure au Bugando, na Bugando ndiyo rufaa ya kanda, wana patholojia na matibabu ya saratani palepale, huna haja ya kupanda basi la Dar. Wa Sengerema siku hizi mna daraja la Kigongo-Busisi. Wa Ukerewe na visiwani najua kivuko ni hela na siku nzima, kwa hiyo anzeni Nansio mje na karatasi ya rufaa mkononi, mtaokoa safari.

Kidonda, utando au uvimbe ukipita wiki mbili haujapona, usisubiri tena. Na kabla hujatoka chumbani uliza chupa imeandikwa jina lako na sehemu kinyama kilipotoka, majibu unafuata lini na kwa nani, na yakitoka omba kopi ya karatasi yenyewe ukae nayo.