Je, wajua kwa nini bingwa wa upasuaji wa moyo wa watoto haachwi ajisimamie mwenyewe?

Uingereza ya leo, mtoto akifanyiwa upasuaji wa moyo, matokeo yake hayaishii kwenye faili la wodini. Yanapelekwa kwenye kumbukumbu za taifa, yanalinganishwa na yale yaliyotarajiwa kwa watoto wenye hali kama yake, kisha kila mwaka takwimu zinachapishwa kwa jina la hospitali ili mzazi yeyote azisome. Hospitali yenyewe, kuanzia kwa mkurugenzi mtendaji ambaye huenda hajawahi kushika kisu, inawajibika kisheria kwa ubora wa tiba hiyo. Kabla ya 1999 haikuwa hivyo. Sheria ilimbana mkurugenzi kwenye mahesabu ya fedha. Tiba ilikuwa mambo ya madaktari, na waliowasimamia madaktari walikuwa madaktari wenzao.

Kilichogeuza mambo ni vifo vya watoto katika mji mmoja, Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Mwaka 1984 Bristol iliingizwa kwenye orodha ya vituo vichache vilivyopewa fedha za kitaifa kwa ajili ya upasuaji wa moyo wa watoto walio chini ya mwaka mmoja. Haikuchaguliwa kwa sababu ilikuwa hodari kuliko wengine. Ilichaguliwa zaidi kwa sababu ya ramani: watu wa kusini-magharibi na wa kusini mwa Wales nao walihitaji mahali pa karibu. Wagonjwa walikuwa wachache, na wapasuaji wawili waliokuwepo, James Wisheart na baadaye Janardan Dhasmana, walihudumia watu wazima pia. Hapakuwa na hata mmoja ambaye kazi yake ya kutwa ilikuwa mioyo ya watoto.

Halafu kulikuwa na suala la majengo. Upasuaji wa kuufungua moyo ulifanyika Bristol Royal Infirmary, hospitali ya watu wazima, huku hospitali ya watoto, na humo madaktari bingwa wa moyo wa watoto, ikiwa juu ya kilima kwenye jengo jingine. Kwa hiyo mtoto mchanga aliyetoka chumba cha upasuaji alilazwa kwenye wodi ya wagonjwa mahututi pamoja na watu wazima, na hali ikibadilika usiku, daktari anayeujua vizuri zaidi moyo wa mtoto alikuwa mtaa mwingine. Kila mtu hospitalini aliijua kasoro hiyo. Ilivumiliwa miaka na miaka.

Mwaka 1988 akaja daktari wa usingizi aitwaye Stephen Bolsin, aliyekuwa amefanya kazi katika hospitali ya Brompton, London. Daktari wa usingizi ana nafasi ya pekee chumbani mle: hakati wala hashoni, ila anaona saa. Ili mpasuaji aweze kufanya kazi ndani ya moyo, mshipa mkuu hubanwa kwa koleo, na kwa muda huo msuli wa moyo haupati damu. Mashine inausukumia mwili damu, lakini moyo wenyewe unangoja. Dakika zikirefuka, uwezekano wa moyo kuamka na nguvu zake unapungua. Bolsin aliona dakika za Bristol ni nyingi kuliko alizozoea London, na akaona watoto wengi hawavuki.

Alifanya nini? Mwaka 1990 alimwandikia mkurugenzi mtendaji, John Roylance. Kwa maelezo yake mwenyewe, alichoambulia ni karipio. Pamoja na mwenzake wa idara ya usingizi akaanza kukusanya takwimu, jina kwa jina, operesheni kwa operesheni. Mwaka 1992 jarida la Private Eye likaandika kwamba mambo hayako sawa Bristol. Bado hakuna kilichosimama.

Hapa ndipo swali letu linapopata jibu lake la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wisheart hakuwa mpasuaji tu. Alikuwa na madaraka katika uongozi wa upasuaji wa moyo, aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya madaktari wa hospitali, na alikuwa mkurugenzi wa tiba wa hospitali nzima. Daktari mdogo, muuguzi au daktari wa usingizi mwenye wasiwasi kuhusu operesheni zake angefuata ngazi zote zinazotakiwa, na kila ngazi angemkuta Wisheart au rafiki yake. Waswahili wana msemo wa hali hii: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Tofauti ni kwamba Bristol hakuna aliyepanga iwe hivyo. Katika fani yenye mabingwa wachache, vyeo humfuata anayeifahamu kazi, na anayeifahamu kazi ni yuleyule.

Juu yake alikaa Roylance, daktari kwa taaluma, aliyeamini kwamba mkurugenzi hapaswi kuingilia maamuzi ya kitabibu. Kwa mtazamo wa enzi zile hilo lilikuwa heshima kwa taaluma. Nami nadhani wengi wetu tungelisifu, kwani nani anapenda meneja wa ofisini amfundishe daktari kazi? Lakini ukiweka pamoja mkurugenzi asiyetaka kuingilia na bingwa aliyeshika vyeo vyote, unapata kitengo kisicho na mtu wa kusema basi. Nje ya hospitali nako ilikuwa vilevile. Wizara ilidhani ubora unaangaliwa na vyama vya kitaaluma, vyama vikadhani ni kazi ya wizara au hospitali yenyewe, na hospitali ikawaachia madaktari.

Januari 1995 mambo yakafika ukingoni. Mtoto wa miezi 18 alipangiwa operesheni ya kubadilishana mishipa mikuu miwili iliyoota mahali pasipo pake. Profesa wa upasuaji wa moyo wa chuo kikuu cha pale, Gianni Angelini, alitaka isifanyike. Tahadhari ilitoka hadi wizarani. Jioni ya kuamkia siku hiyo madaktari walikaa kikao, wakapitia takwimu, wakakubaliana kuendelea. Aliyepinga ni Bolsin peke yake. Wazazi hawakuambiwa kwamba kikao kama hicho kimekaa. Tarehe 12 mtoto akafia kwenye meza ya upasuaji.

Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilichunguza operesheni 53, ambazo kati yake watoto 29 walikuwa wamefariki. Mwaka 1998 Wisheart na Roylance walifutiwa usajili, na Dhasmana akazuiwa kuwafanyia watoto upasuaji kwa miaka mitatu. Adhabu ya Roylance ndiyo iliyowashtua mameneja wengi: hakugusa mgonjwa hata mmoja, lakini kwa kuwa alikuwa daktari, baraza liliona alipaswa kuchukua hatua. Bolsin wakati huo alikuwa ameshahamia Geelong, Australia.

Serikali ikaunda tume chini ya Ian Kennedy, profesa wa sheria na maadili ya afya. Ripoti yake ya Julai 2001 ilitoa mapendekezo 198. Ilikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja kati ya 30 na 35 walifariki zaidi ya ambavyo wangefariki katika kituo cha kawaida. Na ilisema jambo ambalo familia nyingi zilipata shida kulimeza: hii haikuwa habari ya watu wabaya, wala ya watu wasiojali. Dhasmana, kwa mfano, alikwenda Birmingham na timu yake kutazama wenzao wanavyofanya, na mwishoni akaacha mwenyewe kuwafanyia watoto wachanga ile operesheni ya kubadilishana mishipa. Tume ililaumu utamaduni wa klabu, ambapo mamlaka makubwa yalikuwa mikononi mwa wachache.

Mtu anaweza kuuliza: mbona wasingehesabu tu? Jibu la pili liko hapo, na ni gumu kuliko la vyeo. Tuseme operesheni fulani huua mtoto mmoja kati ya kumi hata mikononi mwa timu nzuri. Kituo kikifanya operesheni kumi na kupoteza watoto watatu, je, ni kibaya? Ukipiga hesabu, timu nzuri kabisa itapatwa na mkosi huo, au mbaya zaidi, karibu mara 7 kati ya 100. Vituo vikiwa kumi, uwezekano kwamba angalau kimoja kitaonekana kibaya kwa bahati mbaya tu unafika nusu. Ndiyo maana mpasuaji wa Bristol aliweza kusema, na kuamini kwa moyo wake wote, kwamba amepata wagonjwa wagumu, kwamba bado anajifunza, kwamba mwakani mambo yatakaa sawa. Katika kituo kidogo, visingizio hivyo vinaweza kuwa kweli. Anayetakiwa kupambanua ni mtu asiye na hisa ndani yake, tena mwenye takwimu za vituo vingine mbele yake.

Sheria ya Afya ya 1999 ikaweka wajibu wa ubora wa tiba juu ya hospitali yenyewe, na mwaka uliofuata kumbukumbu za taifa za upasuaji wa moyo wa watoto zikaanza kukusanywa kwa mpango. Ndani ya vitengo mazoea nayo yakabadilika. Mtoto hapangiwi tena operesheni kwa uamuzi wa mpasuaji mmoja: kesi yake huletwa kwenye kikao cha pamoja cha wapasuaji, madaktari wa moyo, wa usingizi, wa wagonjwa mahututi na wauguzi. Akifariki, kifo chake kinapitiwa kikaoni, na swali linaanza na mpango wote wa huduma, kuanzia siku ya rufaa, si mikono ya mtu mmoja.

Bristol nayo? Mwaka 1995 ililetewa mpasuaji mpya wa watoto, Ash Pawade, kutoka Melbourne, na operesheni zikahamishiwa hospitali ya watoto kilimani, jambo ambalo lingeweza kufanyika miaka mingi nyuma. Vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja baada ya upasuaji wa kuufungua moyo, vilivyokuwa asilimia 29 kati ya 1991 na 1995, vilishuka hadi asilimia 3 kati ya 1999 na 2002. Tuwe waangalifu: sehemu ya nafuu hiyo ni maendeleo ya fani, maana nchini kote vilishuka kutoka asilimia 12 hadi 4. Hata hivyo, kituo kilichokuwa nyuma sana ya wenzake kilikuwa sasa kinakwenda nao sambamba.

Usidhani takwimu zilimaliza ugomvi. Machi 2013 upasuaji wa moyo wa watoto katika hospitali ya Leeds ulisimamishwa ghafla baada ya takwimu za awali kuonyesha vifo vingi. Hiyo ilikuwa siku moja tu baada ya mahakama kuwapa ushindi wakazi waliopinga mpango wa kukifunga kitengo hicho, kwa hiyo wazazi waliona siasa tupu. Ikabainika kwamba takwimu zilizotumwa zilikuwa na mapengo, na baada ya siku chache kazi ikaruhusiwa kuendelea. Fikiria nafasi ya aliyepaswa kuamua: akichelewa, ni Bristol nyingine, akiwahi, anafunga kitengo kwa sababu karani hakujaza fomu.

Tangu mwaka huo vituo vinatumia programu iitwayo PRAiS, inayozingatia uzito wa mtoto, umri, aina ya kasoro na magonjwa mengine, kisha inakadiria ni wangapi walitarajiwa kupona hapo, kwa watoto haohao. Vituo havipangwi kwa nafasi kama timu za ligi, maana kinachopokea watoto mahututi zaidi kingeonekana cha mwisho hata kama ndicho hodari. Na mwaka 2016 matokeo hayo yalipowekewa tovuti ya umma, wataalamu wa takwimu walioitengeneza waliwakalisha chini wazazi wenyewe na kuwasomesha rasimu baada ya rasimu, wakiondoa kila sentensi iliyomfanya mzazi adhani kwamba nambari ile inamtabiria mtoto wake.