Steringi ya lori inagonga? Acha jeki chini kwanza

Lori likiingia gereji na dereva akasema steringi inagonga, vijana wangu hukimbilia jeki. Huwa nawazuia. Ukiinua ekseli ya mbele, uzito unaondoka kwenye viungo, na kile kilicholegea ambacho barabarani kilikuwa kikilia ko-ko-ko kinatulia tuli. Unatikisa gurudumu, husikii kitu, halafu mtu anakata kauli kwamba ubaya uko ndani ya boksi ya steringi. Hapo ndipo pesa za mwenye lori huanza kuteketea, maana boksi, hata ile iliyotumika, si ya bei ya mchezo.

Nasema juu ya malori tunayokutana nayo Nairobi kila siku, Isuzu NQR, Canter, Hino, yale yenye kabini inayobinuka mbele. Ukizungusha usukani, nguvu inashuka kwenye shafti yenye krosi juu na chini, yaani viungo vya msalaba vinavyoiruhusu kupinda, inaingia kwenye boksi iliyofungwa kwa bolti kwenye chesi, inatokea kwenye mkono wa pitimani, ule wa chuma unaoning'inia kwenye boksi, inasukuma fimbo iitwayo dragi linki, nayo dragi linki inageuza gurudumu la upande wa dereva. Tairodi hupeleka mwendo huo upande wa pili. Magurudumu yenyewe hugeukia kwenye kingipini. Popote penye pini, meno au bolti panaweza kugonga, na chuma husafirisha sauti vibaya sana. Kishindo cha chini kwenye springi hupanda hadi viganjani mwa dereva, naye ataapa kwamba kimetoka ndani ya usukani.

Kwa hiyo kabla sijalala chini namhoji dereva. Inagonga lini? Akisema ni kwenye matuta na mashimo huku usukani umenyooka, macho yangu yanaenda kwanza kwenye springi, pini za sheko, bushi za shokomzova na mahali kabini inapokalia. Akisema ni kishindo kimoja kila akikanyaga breki, nashuku yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, zimelegea au senta bolti ya springi imekatika, na hiyo si ya kuacha mpaka kesho, kwa sababu ekseli inaweza kusogea kutoka mahali pake. Lakini akisema inagonga anapogeuza usukani polepole, mathalani akiegesha au akigeuka geti la kiwanda pale Industrial Area, basi ugonjwa uko kwenye steringi yenyewe. Mlio wa kuguna unapokata kona ni mambo ya pampu ya steringi, mafuta yake au mkanda. Huo ni ugomvi mwingine.

Sasa kipimo. Lori likae kwenye sakafu ngumu, matairi yote chini, gia huru, breki ya mkono imevutwa, kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Injini iwashwe, kwa sababu bila pampu kufanya kazi viungo havipati mzigo wa kutosha. Mtu mmoja akae ndani ageuze usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, mfululizo, bila haraka na bila kufika mwisho. Mwingine awe chini akifuata njia ya nguvu kutoka juu kwenda magurudumuni, kiungo kwa kiungo, asirukie.

Kila kiungo, weka kidole gumba nusu juu ya kipande kimoja na nusu juu ya kingine. Macho hudanganywa na kivuli na matope. Kidole kitakuambia mara moja kama upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata baadaye. Tafuta pia unga mkavu mwekundu pembeni mwa nati au krosi. Huo ni chuma kinachosagana na chuma, na mara nyingi utauona kabla hujausikia.

Kuna lori moja la kubeba mawe ya Ndarugu lililoletwa na mwenyewe, mama mmoja wa Ruai, akiwa tayari ameshahesabu hasara.

“Fundi, nilikotoka wameniambia boksi imekufa.”

“Pole, mama. Waliifungua?”

“Hapana. Walitikisa magurudumu tu, wakaniandikia bei.”

Boksi ilikuwa kavu, haina tone la mafuta nje, na bolti zake zilikuwa zimekaza. Nilimwomba tanboi wake, msaidizi wa dereva, apande ageuze usukani. Krosi ya juu ilikuwa nzima. Krosi ya chini ilikuwa nzima pia, lakini uma wake, kile kipande chenye mikono miwili kinachoishika krosi, ulikuwa ukitangulia kabla shafti ndogo ya boksi haijaitika, na kidole kilipigwa teke kila mara usukani ulipobadilisha upande. Uma huo hubanwa na bolti moja inayopita kwenye mfereji uliochongwa pembeni mwa shafti. Niliichomoa. Haikuwa bolti yake. Ilikuwa nyembamba, ya dukani tu, na katikati ilikuwa imeliwa mpaka ikawa na kiuno kama nyigu. Bado kidogo ikatike, na ikikatika, uma unaweza kuchomoka na usukani ukazunguka bure.

Mahali hapa pana maradhi yake maalumu kwenye malori ya kabini ya kubinuka. Kabini ikiinuliwa, shafti ya steringi lazima irefuke, kwa hiyo ina sehemu yenye meno inayoteleza, moja ndani ya nyingine. Grisi ikikauka na vumbi la machimbo likaingia, meno yanalika, na hapo ndipo ko-ko inapozaliwa. Ukiona ni ukavu tu, safisha, paka grisi, rudisha. Ukiona meno yenyewe yamechongoka, nunua shafti. Nimeshaona meno yaliyojazwa vipande vya mkebe wa soda, na nimeona shafti iliyochomelewa isiteleze tena. Huyo aliyechomelea hakufikiria siku kabini itakapoinuliwa. Kuhusu kuchomelea kifaa chochote cha steringi, kwangu jibu ni hapana, hata mteja akilia.

Kabla ya kuchomoa shafti, tia alama kwa rangi kwenye kila kiungo. Uma za krosi zisiporudi kwenye mpangilio wake, usukani utakuwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi ndani ya mzunguko mmoja, na utakaa upande lori likienda mbele. Uma usukume mpaka mfereji wa shafti uonekane sawasawa kwenye tundu, ndipo bolti ipite. Ikikataa kupita, usiigonge kwa nyundo, uma haujafika.

Kama shafti ni salama, shuka kwenye boksi. Itazame inapokutana na chesi huku usukani ukigeuzwa. Ikisogea hata unywele, kaza bolti kwa kipimo cha kitabu cha lori hilo, na uchunguze nyufa kwenye chesi kuzunguka matundu. Ile skrubu iliyo juu ya boksi, yenye nati ya kuifunga, iache. Mafundi wengi huikaza kwa haraka kwa sababu inaondoa ulegevu papo hapo, lakini ikizidi, usukani unakaba na haurudi katikati wenyewe baada ya kona. Ina utaratibu wake, na hufanywa magurudumu yakiwa yamenyooka, baada ya kila kiungo kingine kuthibitishwa.

Nati ya pitimani, ncha za dragi linki na tairodi, pima kwa kidole vilevile. Ncha mpya ukiishika mkononi inapaswa kuwa ngumu kugeuza. Ile inayolegea dukani, pale Kirinyaga Road, mrudishie muuzaji hapohapo. Ukifunga nati yenye mikato na tundu la spliti pini, ile pini inayozuia nati isifunguke, likakataa kulingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze kurudi nyuma. Na spliti pini iwe mpya. Msumari haufai, ingawa msumari ndio ninaoukuta mara nyingi.

Ni hapa sasa jeki inapopata kazi. Inua, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Ulegevu ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Kingipini hubadilishwa seti nzima, pini, bushi na beringi ya kubeba uzito, na bushi nyingi zikishaingizwa lazima zichongwe ndani kwa rima mpaka pini iingie kwa kusukumwa na mkono. Anayelazimisha pini kwa nyundo anakuuzia steringi nzito. Na pampu ya presha ya kuoshea magari huzifukuza grisi hizi, kwa hiyo lori likitoka kuoshwa, bomba la grisi lifuate, mpaka grisi ya zamani itoke pembeni.

Pikapu zenye raki badala ya boksi hufuata hesabu hiyohiyo, ila tairodi ya ndani imefichwa na mpira wa mikunjo. Ubonyeze mpira, shika kiungo kupitia humo, mwenzako atikise gurudumu.

Ukigusa tairodi, nenda ukapimwe alainimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kabla tairi jipya halijaliwa upande mmoja, na kabla hujapeleka lori kukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, pale Likoni Road. Yule mama alilipa bolti halisi, grisi na kazi. Nilimwambia pia alirudishe lori baada ya safari za kwanza zenye mawe, maana yu-bolti nazo tulizikaza, na bamba za springi zikishajilaza chini ya mzigo, nati hulegea tena.