Mtetezi wa haki akifungwa, wa nyumbani wafanye nini?

Katikati ya mwaka 2014, kila Ijumaa, watu wengi Bujumbura walivaa nguo za kijani. Kijani ndiyo rangi ya sare ya wafungwa Burundi, na aliyekuwa akiivaa kwa lazima, ndani ya gereza la Mpimba, ni mzee Pierre Claver Mbonimpa. Alikamatwa Mei mwaka huo baada ya kusema redioni kwamba kuna vijana wanaopewa silaha na mafunzo ya kijeshi ng'ambo ya mpaka, Kongo. Akashtakiwa kwa kuhatarisha usalama wa taifa.

Gereza hakulianzia hapo. Alikuwa polisi, akafungwa mwaka 1994, akateswa, na akakaa ndani miaka miwili. Alipotoka hakunyamaza: alianzisha APRODH, shirika la kutetea wafungwa na watu walioonewa. Safari hii ya 2014 aliachiwa mwishoni mwa Septemba kwa sababu za kiafya. Mwaka uliofuata alipigwa risasi akiwa garini. Mungu akamnusuru.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu watu wanaofika kwetu kutafuta msaada wa kisheria huuliza kwanza, "Kwani amefanya kosa gani?" Serikali ya kiimla haimshtaki mtu kwa kutetea haki, maana hakuna sheria inayoliita hilo kosa. Hutafutwa jina jingine: uasi, uchochezi, ukwepaji kodi. Ales Bialiatski wa Belarus, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2022 akiwa gerezani, alihukumiwa miaka 10 mwaka uliofuata, na moja ya makosa aliyobambikwa ni magendo ya fedha. Kwa hiyo ukisikia kosa lililotajwa, usiishie hapo. Uliza ushahidi ni upi.

Germain Rukuki, naye mtetezi wa haki wa Burundi, alikamatwa Julai 13, 2017. Mke wake alikuwa mjamzito, na mtoto akazaliwa baba yuko ndani. Aprili 2018 alihukumiwa miaka 32. Gereza lilikuwa Ngozi, kaskazini, mbali na Bujumbura. Wanaobeba chakula cha mfungwa wanajua umbali huo una maana gani: nauli, siku nzima barabarani, mtoto mgongoni. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zinataka mtu afungwe karibu na kwao kadiri inavyowezekana, na familia ina haki ya kulidai hilo. Juni 2021 mahakama ya rufaa ilipunguza miaka ile 32 ikawa mmoja. Alikuwa ameshatumikia karibu minne.

Ndugu akikamatwa, chukueni daftari siku hiyo hiyo. Andikeni saa, mahali, waliomchukua walivaa nini, walionyesha hati au hapana, walitaja sababu gani, na kituo alichopelekwa. Kila mkienda kumwona, andikeni tena: mmeruhusiwa au mmerudishwa, na hali yake ya mwili ikoje. Wakili atafutwe mapema, hata kama mnaambiwa "ataachiwa kesho". Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unakataza katika ibara ya 6 mtu kukamatwa kiholela, na ibara ya 7 inampa haki ya kutetewa na wakili amtakaye na kesi yake kusikilizwa kwa wakati unaofaa.

Mahakama za nyumbani zikiwa zimefungwa mdomo, kuna Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu Ukamataji wa Kiholela, kilichoundwa mwaka 1991. Wengi hudhani lazima kwanza rufaa zote ziishe nchini. Si lazima. Mke, mzazi au wakili anaweza kuwaandikia, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, bila kulipa ada. Mfungwa mwenyewe aridhie kwanza kama mnaweza kumfikia, kwa sababu jina lake litafikishwa kwa serikali iliyomfunga. Na yale watakayowauliza, tangu saa ya kukamatwa hadi sababu iliyotajwa, yamo katika lile daftari.