Kabla Hujasema Maktaba Yetu Haina Kitu

Hakuna dhana inayonikera kama ile ya mtafiti anayeandika jina la jamii yake kwenye katalogi, akaona hakuna jibu, kisha akaondoka akiamini kwamba maktaba ya anthropolojia haina lolote kuhusu watu wake. Katalogi hujibu ilichoulizwa tu, na jina tunalolitumia leo mara nyingi silo walilolitumia waandishi wa zamani. Wamijikenda waliandikwa kwa muda mrefu kama Wanyika, Wakipsigis kama Walumbwa, na Wairaqw kama Wambulu. Baadhi ya majina hayo yana dharau na hayafai kuingia katika tasnifu yako, lakini usipoyajua hutaifikia rafu unayoihitaji.

Jina likipatikana, bado kuna kikwazo cha pili: katalogi ya maktaba ndogo kwa kawaida huorodhesha kitabu, si sura zilizomo. Kitabu kuhusu mifumo ya kisiasa ya Afrika kilichohaririwa na Meyer Fortes na E. E. Evans-Pritchard mwaka 1940 kina sura kuhusu jamii 8, wakiwemo Wanyankole, Wanuer na Waluhya, na hao wa mwisho wameitwa humo Wabantu wa Kavirondo. Mwanafunzi anayetafuta neno Luhya atakipita kitabu hicho akiwa amesimama mbele yake. Ndiyo maana ninasisitiza, hata nikionekana msumbufu, kwamba uje na majina yote ya zamani, jina la wilaya ya kikoloni na majina ya watafiti waliofika huko, kisha uzungumze na mkutubi kabla ya kuigusa kompyuta.

Wengine husema kila kitu kimo kwenye intaneti. Evans-Pritchard alifariki mwaka 1973, hivyo kwa sheria ya Uingereza kazi zake zinalindwa na hakimiliki hadi mwisho wa mwaka 2043. Hata vitabu vilivyopigwa skani vina mapengo, kwani michoro ya nasaba na ramani zilizokunjwa mwishoni mara nyingi hupigwa zikiwa bado zimekunjwa, na msomaji huambulia pembe moja ya ukoo mzima.

Wapo pia wanaotaka maandishi ya kikoloni yaondolewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na bila karatasi za aina hiyo hatuwezi kuonyesha jinsi mila zilivyogeuzwa kuwa sheria za maandishi. Zisome ukiuliza nani aliyehojiwa, nani aliyeachwa, na ni ofisi gani iliyoagiza kazi hiyo.

Na si kweli kwamba maktaba hizi ni za maprofesa pekee. Piga simu mapema, eleza unachokitafuta, uje na kitambulisho na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haikubaliwi karibu na karatasi za zamani.